Tununue projekta inayojibu

Rimoti ya projekta ilizama ukumbi wa kijiji ukiwa na wiki tatu tu tangu ufunguliwe. Mzee anayeutunza alikuwa ameitia mfuko wa shati, akainama kufunga kamba ya mtumbwi, ikateleza ikaingia mkondoni. Wanakijiji walingoja maji yapwe, wakapekua tope kwa mikono mpaka magharibi wakaipata. Usiku mzee akanipigia simu, mimi nikiwa Kibiti mjini, kuniuliza aifanyeje. Nikamwambia atoe betri, aioshe kwa maji baridi, aianike kivulini siku mbili. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba chumvi ya delta ya Rufiji ikishakaa kwenye shaba ya betri huota kutu ya kijani, na kutu ile haifutiki kwa jua.

Projekta yao iko darini, imefungwa kwenye boriti ya mkandaa, mita nne na kitu kutoka sakafuni. Boriti za Rufiji zimebeba dari za watu tangu zamani, zikisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja na Ghuba, na kwa mzigo wa kilo nne tano sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi ulikuwa kwenye kuiwasha. Kwa wiki mbili nzima kijana mrefu alisimama juu ya meza akibonyeza kitufe kwa ncha ya upondo. Kuwasha waliweza. Kuzima kuliwachosha, kwa sababu kitufe cha kuzima hutaka kubonyezwa mara mbili, na mara ya pili upondo hukosea. Wakaanza kuizima kwenye swichi ya ukutani.

Hapo ndipo nilipoamua kwenda. Taa ya projekta ya aina ile si balbu ya sebuleni. Ndani yake mna zebaki iliyobanwa kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa tunayovuta zaidi ya mara mia, na kioo chake hupata joto la nyuzi 900 na kuendelea. Ukiizima kwa utaratibu, taa huzimika kwanza, kisha feni huendelea kuzunguka dakika moja au mbili mpaka kioo kipoe. Ukikata umeme ukutani, feni nayo husimama, joto hubaki limefungiwa ndani, na kila unaporudia unakula umri wa taa. Delta yetu haina duka la taa hizo. Hata Kibiti halipo. Taa huagizwa Dar es Salaam, na pengine Dar nako wakaagiza ng'ambo.

Kutoka Kibiti unapanda gari mpaka Bungu, unakata kwenda Nyamisati, na pale Nyamisati saa yako inakuwa ya maji. Wanaokwenda Mafia wana njia yao. Sisi wa vijiji vya ndani tunangoja mkondo ujae. Ilikuwa siku za maji mafu, boti ikakwama mara mbili kwenye mchanga, tukashuka kusukuma huku begi la vifaa nimelibeba kichwani. Humo mlikuwa na kompyuta mpakato, kebo ya mita kumi, na kigeuzi kidogo cha USB ambacho bei yake haifiki hata nauli ya safari ile.

Nilimkuta mzee mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na rimoti nyingine?"

"Sikuja na rimoti, mzee. Nimekuja na waya."

Aliutazama ule waya kwa muda bila kusema kitu. Namwelewa. Watu wengi niliowafungia projekta hawajawahi kuliona tundu ninalolizungumzia, ingawa liko pale pale nyuma, kando ya matundu ya picha: tundu dogo lenye umbo la herufi D na pini tisa. Linaitwa tundu la siriali, na kiwango chake ni RS-232. Kilitangazwa Marekani mwaka 1960, wakati mashine za kuchapa kwa mbali zilipohitaji njia moja ya kuzungumza na modemu. Kompyuta nyingi za leo zimeliacha, ndiyo maana nabeba kigeuzi. Lakini watengenezaji wa projekta za kumbi na madarasa waliendelea kuliweka, na orodha ya maneno ambayo projekta inayaelewa kupitia tundu hilo hukaa kwenye kijitabu au kwenye karatasi maalumu ambayo muuzaji hana habari nayo na mnunuzi haulizi.

Nilipanda ngazi, nikachomeka, nikashuka, nikafungua programu, nikaweka kasi ya 9600 na mipangilio mingine kama kijitabu kilivyoagiza. Nikaandika PWR? nikabonyeza Enta.

Kimya.

Nikarudia. Kimya. Vijana walikuwa wamejaa dirishani, na mzee alikuwa amekaa kwenye benchi mikono magotini. Nikakaa nami nikafikiri. Katika zile pini tisa, zenye kazi kwetu ni tatu tu: ya 2 inapokea, ya 3 inatuma, ya 5 ni ardhi. Kebo niliyobeba ilikuwa ya moja kwa moja, 2 kwa 2 na 3 kwa 3. Maana yake kompyuta na projekta zilikuwa zinasemea kwenye waya mmoja na kusikilizia kwenye waya mmoja, kama watu wawili walioshika simu kila mmoja mdomo kwenye tundu la sikio. Nikaikata kebo katikati, nikauvusha wa pili kwenda kwa wa tatu na wa tatu kwenda kwa wa pili, nikasokota shaba kwa vidole, nikafunga kwa utepe mweusi.

PWR? Enta.

Kwenye skrini ikatokea PWR=00, na chini yake alama ya nukta mbili.

"Imejibu?" mzee akauliza.

"Imejibu, mzee. Inasema imezimwa, iko tayari kusikiliza."

Ile nukta mbili ndiyo ninayotaka msomaji aikumbuke. Rimoti hupiga kelele upande mmoja. Hutupa mwanga usioonekana kwa macho (elekeza yako kwenye kamera ya simu, bonyeza, huenda ukauona ukimetameta kwa rangi ya zambarau), na haijui kama mwanga ule umefika, umezuiwa na nguzo, au umemezwa na jua la dirishani. Waya huuliza, na projekta hujibu. Ukiiamuru iwake kwa PWR ON, hutulia kwanza ikipasha taa. Ukiiuliza katikati ya hapo hukupa 02, yaani bado napasha. Ikishawaka hukupa 01. Ikiwa inapoa hukupa 03. Mtu aliye ng'ambo ya mkondo anajua hali yake kama vile amesimama chini yake. Na kwa mahali kama petu, ambapo fundi na mashine wametenganishwa na maji kujaa na kupwa, kujua hali ni nusu ya matengenezo.

Kisha nikaiuliza jambo ambalo sikuwa nimekusudia. Niliandika LAMP? kwa mazoea tu, kama daktari anavyoshika mkono wa mgonjwa kusikiliza mapigo. Ikajibu 2190.

Hizo ni saa ambazo taa imewaka. Ukumbi ulikuwa umefunguliwa wiki tano zilizopita. Hata kama wangeonyesha picha kutwa na usiku bila kulala, saa 2,190 ni miezi mitatu. Projekta iliyolipiwa kama mpya ilikuwa imeshafanya kazi mahali pengine, ikapigwa brashi, ikatiwa kwenye boksi, ikaletwa kwa wavuvi na wakulima wa mpunga ambao walitarajiwa wasijue. Nilimwonyesha mzee ile namba. Akanyamaza, halafu akasema polepole kwamba siku ya kupokea boksi watu wanne walitia saini na hakuna aliyeiwasha.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya saini zile nne.

Nimelelewa Kibiti, na kazi ya picha ukutani niliianza kwenye kibanda umiza, nikikusanya kiingilio mlangoni siku za Simba na Yanga. Kwenye kibanda umiza mtu wa mashine habanduki kwenye mashine. Hula hapo, hulinda waya, hupuliza vumbi kwenye lenzi, na umeme ukiyumba yeye ndiye wa kwanza kuunyanyukia. Ndivyo ilivyokuwa tangu picha za kutembezwa zilipoanza nchini. Mwaka 1935 Waingereza waliweka kituo cha majaribio Vugiri, kule Usambara, wakatengeneza filamu za mafundisho na kuzizungusha Afrika Mashariki kwa lori mpaka 1937. Mtu anaweza kuyalaumu mengi katika mafundisho yale, na mimi ni mmoja wao, lakini lori lile halikwenda kijiji chochote bila mtu wake. Mashine na fundi walifika pamoja, wakaondoka pamoja.

Leo tunafunga mashine darini halafu fundi anapanda boti anarudi mjini. Shule za sekondari, vituo vya afya, kumbi za vijiji, vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho, kote huko projekta inabaki peke yake na rimoti moja. Rimoti hiyo hukabidhiwa mtu mmoja, naye huifungia kabatini, na siku akisafiri semina haipo. Nimeona walimu wakiwasubiri wenye funguo za kabati nusu siku. Nimeona projekta ikiwaka usiku kucha juu ya viti vitupu kwa sababu betri za rimoti zilikuwa zimehamishiwa kwenye redio. Si uzembe wa watu wa delta. Ni kifaa kilichochaguliwa bila kufikiria kitakaa wapi na nani atakaa nacho.

Nitarudi ukumbini. Jioni ile nilitengeneza faili mbili ndogo kwenye kompyuta yao, moja nikaiita WASHA, nyingine ZIMA. Ukibofya WASHA, kompyuta hutuma PWR ON kwenye waya. Ukibofya ZIMA hutuma PWR OFF, na projekta hujipoza yenyewe kwa utaratibu wake. Kwenye kipande cha boksi nikaandika kwa wino mzito amri tano na maana zake kwa Kiswahili, nikakibandika ukutani chini ya saa. Kijana yule wa upondo akawa wa kwanza kujaribu. Aliwasha, akazima, akangoja feni isimame, akawasha tena. Nikamwachia daftari aandike saa za taa kila Ijumaa.

Safari ya pili nilikwenda na kisanduku. Ndani yake mna kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti, kipande cha kuongezea volti ili ziendane na zile za RS-232, na modemu yenye laini ya simu. Kisanduku kimechomekwa kwenye tundu lile lile, na kinaishi kwa betri ya sola. Ukikitumia ujumbe wa neno HALI, kinaiuliza projekta na kukurudishia jibu: imewaka au imezimwa, taa ina saa ngapi. Ukikitumia ZIMA, kinazima. Kinasikiliza namba tatu tu: ya mzee, ya mwenyekiti wa kijiji, na yangu.

Masika ya 2024 yalikijaribu. Aprili ile Mto Rufiji ulifurika, sehemu kubwa za Rufiji na Kibiti zikakaa majini, mashamba na nyumba vikaenda. Mei kikaja kimbunga Hidaya upande wa Mafia, na hakuna nahodha mwenye akili aliyetaka kutoka. Ukumbi wao uko mahali pa juu, kwa hiyo ulitumika kwa mikutano. Usiku mmoja nilituma HALI kutoka kitandani, nikajibiwa kwamba taa inawaka. Ilikuwa saa sita kasoro. Watu walikuwa wametawanyika wakikimbia mvua, hakuna aliyekumbuka. Nikatuma ZIMA. Dakika mbili baadaye ukaja ujumbe kwamba imezimwa. Nisingeweza kufika kule kwa wiki mbili zilizofuata hata kama ningepewa boti bure.

Wapo watakaosema hayo ni ya kizamani, projekta mpya zina Wi-Fi na programu za simu. Nimezitumia. Programu ya simu hutaka simu ya kiwango fulani, hutaka kufunguliwa akaunti, hutaka kusasishwa, na kampuni ikiamua kuiacha nawe umeachwa nayo. Maneno PWR ON hayahitaji ruhusa ya mtu yeyote. Niliwahi kuiamuru projekta ya zaidi ya miaka kumi kwa kompyuta iliyonunuliwa juzi, ikatii. Kuhusu umbali, desturi ni kebo ya mita 15, na kwa kasi ndogo kama ile ya 9600 kebo nzuri huvuka hapo. Ukumbi wa kijiji haufiki huko.

Kasoro zake nazo nizitaje, maana ninazijua. Tundu la siriali halina nywila. Anayeufikia waya ndiye mwenye amri, kwa hiyo waya lazima uingie kwenye kisanduku chenye kufuli, na mimi sishauri hata kidogo projekta iachwe wazi kwenye intaneti. Kasoro ya pili ni kwamba kila kampuni ina lugha yake. Hizo PWR na LAMP ni za Epson. BenQ hutaka uandike *pow=on# na hapo usisahau nyota wala reli. NEC haitaki herufi kabisa, hutaka baiti sita, 02 00 00 00 00 02. Watengenezaji wa Japani walikaa wakatunga lugha moja ya pamoja, PJLink, inayopita kwenye kebo ya mtandao na inayokubali nywila, na ni jambo jema. Lakini bila ile karatasi ya amri fundi wa kijijini anapapasa gizani, na karatasi yenyewe haimgharimu muuzaji chochote kuichapa.

Mwenye kibanda umiza anayenunua projekta ya bei rahisi yenye tundu la HDMI peke yake, hiyo ni hela yake na riziki yake, sina neno. Neno langu liko kwenye fedha za umma na za wafadhili. Manunuzi ya umma sasa yanapita kwenye mfumo wa NeST ulioanza 2023, na kila ununuzi una sehemu ya maelezo ya kiufundi. Nimesoma maelezo ya projekta yaliyoandikwa mwangaza kiasi gani, uzito kiasi gani, rangi ya mkoba ipi. Ofisi moja iliwahi kuniita kufunga projekta tatu zilizonunuliwa kwa maelezo ya namna hiyo. Zilikuwa na mwanga mzuri, na hazikuwa na tundu la siriali wala la mtandao. Nilizifunga kwa sababu niliagizwa. Moja ilikufa taa kabla ya mwaka, na rimoti za mbili zilizobaki zinazunguka kijiji kizima kutafuta betri.

Mwandishi wa maelezo yale angeongeza mstari mmoja tu, kwamba projekta iwe na tundu la RS-232 au la mtandao lenye PJLink, iletwe na orodha ya amri iliyochapwa na kebo iliyovushwa, hali ingekuwa tofauti. Na kamati ya ukaguzi na mapokezi, kabla ya kutia saini, iiwashe ile projekta mezani na isome saa za taa mbele ya muuzaji. Saa hizo ziko hata kwenye menyu, huna haja ya waya kuziona, na ni kweli mtu mwenye nia mbaya anaweza kuzifuta. Lakini aliyewauzia wavuvi wangu hakuona sababu ya kuzifuta, kwa kuwa hakutarajia kwamba wangeuliza. Kuuliza kungewachukua dakika tano.

Mzee wa ukumbi alifuatilia. Alibeba daftari la kijana na picha ya ile 2190 niliyoipiga kwa simu, akaenda nayo mpaka kwa walioleta boksi. Hawakubadilisha projekta. Walileta taa mpya, na mzee akakataa kutia saini mpaka alipoiona skrini ikiandika LAMP=0 kwa macho yake.

Mwezi ujao shule moja ya sekondari upande wa Mbwera inatarajia projekta mbili. Nimemwomba mkuu wa shule anijulishe siku boksi zitakapofika Nyamisati, nizikute bado zimefungwa. Kebo nimeshaiandaa, pini ya 2 kwa ya 3, na safari hii nimeiunga kwa risasi.